Notisi yangu inaisha lini?

SWALI: Nalipwa kwa mwezi, kampuni iko Kariakoo. Nilikabidhi barua ya kuacha kazi Machi 3. Bosi anadai notisi inaanza Aprili 1. Nani yuko sahihi?

JIBU: Fungua mkataba kwanza. Kama haukutaja muda mrefu zaidi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai siku 28, na siku si mwezi wa kalenda. Ukihesabu kuanzia Machi 4, unamaliza Machi 31. Je, una nakala yenye muhuri wa mapokezi? Wengi hukwama hapo. Siku za likizo hazihesabiwi ndani ya notisi. Usiondoke mapema, atakukata mshahara wa siku zilizobaki. Aking'ang'ania, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi).