Imani, shukrani na nchi yangu: jibu la mama mmoja wa Likoni

Ndugu yangu uliyeuliza, nimelisoma swali lako jana usiku na usingizi ukanipaa. Umesema kazi imekatika, mwenye nyumba amekubishia mlango mara tatu, na kila unayemweleza anakujibu "mshukuru Mungu tu." Kisha ukauliza: mtu atoe wapi imani, shukrani na tena uzalendo, ilhali mfuko ni mtupu? Mimi sitakwambia ushukuru tu. Niliambiwa neno hilo nikiwa na njaa na najua linavyochoma. Nitakueleza yaliyonipata hapa Mombasa, upime mwenyewe.

Nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni upande wa kaskazini, miaka 11. Kwangu ni Likoni, nalea watoto watatu peke yangu. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, wageni waliisha kama waliofagiwa, hoteli ikafungwa. Tukaambiwa twende likizo bila malipo, tutaitwa. Sijaitwa hadi leo.

Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu na mshahara wa nusu mwezi ilikuwa Ijumaa tarehe 27, siku ile ile kafyu ilipoanza. Saa moja jioni kila mtu awe ndani. Basi alasiri ile kila mwenye nyumba ng'ambo alikimbilia Feri, kwenye kivuko cha Likoni, avuke mapema, tukashonana pale hata pa kugeuza shingo hapana. Mara moshi wa kutoza machozi, mara virungu, watu wanalazwa chini, wengine wanakimbia bila kujua waendako. Nilianguka, nikakanyagwa mkono. Kiatu kimoja sikukiona tena. Kijana mmoja wa bodaboda alinishika kwapani akaniinua, akanivuta hadi nyuma ya ukuta, akatoa kitambaa chake cha mkononi, akakilowesha maji ya chupa, akaniambia, "Mama, jifute, usisugue." Nilipofumbua macho hayupo. Sijamuona tangu siku hiyo, na nikimuona sitamjua.

Nilifika nyumbani mguu mmoja pekupeku. Nilikuwa na hasira na kazi, na nchi hii na, Mola anisamehe, na Yeye pia. Nilisali kwa sababu mwili umezoea. Moyo haukuwapo.

Wiki mbili baadaye tukafungiwa, hakuna kutoka Mombasa wala kuingia. Pesa ziliisha kabla ya Ramadhani kuandama. Mshihiri wa dukani, Mwarabu wa asili ya Yemeni, akanikopesha unga, mchele, mafuta, akiandika kwenye daftari lake. Nami nikaona niwe na langu, nisije nikasahau ninachodaiwa. Skuli zilikuwa zimefungwa, nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la vijumba vidogo, nikapiga mstari katikati. Kushoto nikaandika deni la duka. Kulia niliacha wazi, sikujua la kuandika.

Halafu yakaanza kuja mambo yasiyo na bei. Mama wa mboga wa pembeni, Mkamba, akanifungia mafungu mawili ya sukuma na pesa akakataa. Niliandika kulia. Jirani yangu makanika, Mjaluo, akaleta kilo mbili za unga wa ugali akisema amenunua kupita kiasi. Nilijua ni uongo, maana yeye mwenyewe gereji ilikuwa imefungwa. Niliandika. Na mkewe! Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja, jiko la mtu likiwa ukumbini harufu ni ya wote. Mwezi mzima wa Ramadhani mama yule alitoa jiko lake akawa anapikia uani nyuma, juani, ili samaki wake wasitunukie mchana nasi tumefunga. Hakuna aliyemwomba. Hilo nalo niliandika. Kisha nikarudi juu kabisa ya ukurasa, nikaongeza: kijana wa bodaboda, kitambaa.

Usiku mmoja binti yangu wa miaka minane alilifungua lile daftari akaniuliza, "Mama, huku mbona hakuna pesa?"

Nikamwambia huku ni vile nisivyoweza kuvilipa.

"Sasa nani atawalipa?"

"Mungu," nikamjibu, haraka haraka, kama tunavyojibu sisi wazazi tukiwa tumechoka. Neno lilipokwisha kutoka ndipo nikalisikia. Nilikaa pale na kibatari, maana tokeni za stima zilikuwa zimekwisha, nikausoma ukurasa wa kulia kuanzia juu hadi chini. Wiki sita nilikuwa nalalamika kwamba dua zangu hazijibiwi, na majibu nilikuwa nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na tarehe nimetia.

Imani ilinirudia hivyo. Haikuja kwa mawaidha, na misikiti wakati huo ilikuwa imefungwa. Sisi tumefunzwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Nililisikia neno hilo tangu chuoni kwa maalim na nikalichukulia kuwa ni adabu tu, kusema ahsante. Sasa nikaona ni njia. Tukawa tunasali tarawehe ukumbini, mwanangu wa miaka 13 akitusalisha kwa sauti inayovunjikavunjika, na tukimaliza tunaomba dua kwa majina: Ya Rabi, mama wa mboga; Ya Rabi, makanika na mkewe; Ya Rabi, yule wa bodaboda ambaye jina lake walijua Wewe. Ukiwa na majina ya kutaja, moyo unapata pa kushika. Jaribu hili kabla ya lingine lolote, ndugu yangu. Usianze na "nashukuru kwa yote," hayo yote huyaoni sasa hivi. Anza na mtu mmoja na kitu alichokupa, hata kama ni maji ya kunywa.

Wala sisemi dhiki ni nzuri. Mtoto wangu mdogo alikonda, nikamuona mbavu. Hilo sitalishukuria kamwe, na sidhani Mungu ananitaka nilishukurie.

Baada ya Idi yule mama wa mboga alinipa shilingi 500 na pembe ya meza yake. Nikaanza mahamri na mbaazi. Unga wenyewe nakanda usiku kwa tui zito na iliki niliyotwanga mwenyewe, nauacha uumuke, saa tisa naamka kusukuma na kukata, saa kumi karai liko motoni. Siku ya kwanza nilipika 60, yakauzika 41. Yaliyobaki watoto walikula wakashukuru kwelikweli, kwa vinywa vilivyojaa. Leo napika zaidi ya 200 na daftari la Mshihiri nimeshalifunga. Zile 500 mama wa mboga hazitaki, kila nikimpa anazirudisha kwenye beseni langu.

Sasa nchi, ambayo naona ndiyo iliyokuumiza zaidi katika swali lako.

Kwetu Pwani jambo hili si jepesi na sitajifanya. Nimekulia barazani kwa wazee wanaosema "mtu wa bara" kama wanaosema mtu wa ng'ambo. Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, bendera yake ikipepea Ngome ya Yesu, na ni Oktoba 1963 tu ulipokabidhiwa Kenya, miezi miwili kabla ya uhuru. Kuna waliozaliwa kwenye mashamba ya babu zao na bado wanaitwa maskwota, wakaaji wasio na hati. "Pwani si Kenya," kauli ya wanaotaka Pwani ijitenge, niliisoma ukutani tangu kijana, na siku nyingine niliikubali. Tarehe 27 ile pale Feri niliikubali kabisa.

Kilichonigeuza ni ule ukurasa wa kulia. Mkamba, Mjaluo, Mdigo aliyenipa nazi za kuanzia, Msomali aliyenibebea gunia la unga kwa tuktuk bila nauli. Hao watu wa bara niliofundishwa kuwaogopa walikuwa wameshika mkono wangu mmoja, wenzangu wa Pwani wameshika wa pili. Tena nikakumbuka miaka 11 nilivuka Likoni asubuhi na jioni bila kulipa hata senti, kwa sababu kivuko kile mtu wa miguu halipi. Kina kasoro zake tele, kila mwana-Mombasa anazijua. Lakini nchi ilinivusha bure kwenda kutafuta riziki maelfu ya mara, nami sikuwahi kulihesabu hilo. Nikaliandika nalo.

Agosti 2021, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 8, niliamka mapema kuliko kawaida. Makanika aliniita ukumbini, simu yake ameiegemeza kwenye birika: Eliud Kipchoge anakimbia marathoni ya Olimpiki, Sapporo. Nilikuwa nasukuma donge huku natazama. Alipowaacha wenzake nyuma peke yake, donge nililiacha. Alimaliza kwa muda wa saa 2:08:38, na kwetu ilikuwa saa tisa na dakika chache usiku, na nyumba nzima ilikuwa macho, tunapiga kelele huku tunanyamazishana kwa ajili ya watoto. Siku iliyotangulia Peres Jepchirchir alikuwa ameshinda ya wanawake.

Medali zao walivishwa mchana ule kwenye sherehe ya kufunga michezo, wimbo wa taifa ukapigwa mara mbili mbele ya dunia. Chumba cha mwisho cha nyumba yetu anakaa bibi mmoja Mpokomo wa Garsen, amemfuata binti yake. Alikuwa mkekani, mjukuu yuko mapajani analia kwa usingizi. Wimbo ulipoanza yule bibi akaufuata kwa kuguna, hana maneno, anamtikisa mtoto taratibu. Nikadhani maneno hayajui. Akaniambia, "Huu wetu, mwanangu. Wa kulaza watoto." Na ni kweli, mwaka 1963 wataalamu watano wa muziki walipoutunga wimbo wa taifa, sauti waliitoa kwa Wapokomo wa Tana, kwenye wimbo wa mama wa kumbembeleza mwanawe. Tangu skuli nauimba wima kwenye gwaride, na siku zote ulikuwa umetoka kwetu Pwani.

Sikiliza na maneno yake. Unaanza kwa kumwita Mungu, na mstari wa tatu tu unaomba haki iwe ngao na mlinzi, kwa hiyo asije mtu akakwambia mzalendo ni yule anayenyamaza akidhulumiwa. Neno lake la mwisho kabisa ni shukrani.

Ulipopigwa mara ya pili makanika alisimama, mkewe akasimama, nami nikasimama, mikono ina unga. Bibi hakusimama kwa sababu mtoto alikuwa ameshalala.

Ukiwa Mombasa, pita Likoni asubuhi. Uliza mama wa mahamri karibu na meza ya mboga. Mahamri manne na bakuli la mbaazi yatakuwapo, na hutalipa.