Kwa Nini Viongozi wa Dini Walimpinga Yesu?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Yesu aliponya wagonjwa, akalisha wenye njaa, akafundisha upendo. Imekuwaje viongozi wa dini yake mwenyewe ndio waliomtafutia kifo? Na je, ni kweli Wayahudi wote walimkataa, kama tunavyosikia mimbarani kila Ijumaa Kuu?

JIBU: Amina, mpendwa. Wengi wetu tunawatia viongozi hao wote kapu moja, na hapo ndipo tunapopotea. Mafarisayo na makuhani wakuu hawakuwa kundi moja, wala hawakumpinga Yesu kwa sababu moja.

Tuanze na Mafarisayo. Walitaka Torati iongoze maisha ya kila siku, mezani, shambani na sokoni. Tena waliamini ufufuo, jambo ambalo Masadukayo, kundi lililokuwa karibu na makuhani wakuu, walilikana (Matendo 23:8), kwa hiyo katika hilo walikuwa upande wa Yesu. Ugomvi wao naye ulikuwa juu ya namna ya kuishika sheria.

Chukua sabato. Torati inakataza kazi, lakini haitoi orodha kamili ya kazi zenyewe, basi walimu wakazipambanua. Mishna, yaani mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 B.K., inahesabu kazi 39, zikiwemo kuvuna na kupura. Sasa soma Luka 6:1. Wanafunzi walivunja masuke, wakayasugua mikononi, wakala. Hakuna aliyewashtaki kwa wizi, kwa sababu Kumbukumbu la Torati 23:25 inaruhusu kuchuma masuke ya jirani kwa mkono. Lawama ilihusu siku: kwa hesabu ya walimu, kuvunja suke ni kuvuna, na kulisugua ni kupura.

Uponyaji nao ulikuwa hivyo hivyo. Walimu walikubali kwamba uhai ukiwa hatarini, sabato huwekwa kando. Lakini mtu mwenye mkono uliopooza hatakufa siku ile, anaweza kusubiri jua lizame. Mkuu wa sinagogi katika Luka 13:14 alisema hivyo waziwazi: ziko siku sita za kazi, njoni mponywe siku hizo. Yesu hakukubali mgonjwa aongezewe hata siku moja ya mateso, na hakujitetea kwa kumtaja mwalimu yeyote aliyemtangulia. Alisema Mwana wa Adamu ndiye Bwana wa sabato. Kule Kapernaumu alimsamehe mtu dhambi ndani ya nyumba ya kawaida, pasipo kuhani wala sadaka (Marko 2:5-7). Kwa masikio yao hiyo ilikuwa kufuru, na Marko 3:6 haifichi kwamba baadhi yao walianza kushauriana na Maherode, yaani wafuasi wa Herode, jinsi ya kumwangamiza.

Hata hivyo, kilichompeleka msalabani kilitokea hekaluni.

Kila mwanamume Myahudi alitoa nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya hekalu, na malipo yalidaiwa kwa sarafu za mji wa Tiro kwa sababu fedha yake ilikuwa safi. Mwenye sarafu nyingine alikwenda kwa wabadili fedha, nao walichukua faida yao. Njiwa waliouzwa pale walikuwa sadaka ya maskini asiyeweza kondoo. Mariamu na Yusufu wenyewe walitoa sadaka hiyo (Luka 2:24). Yesu alipopindua meza hizo aligusa huduma iliyosimamiwa na makuhani wakuu. Kisha akaliita hekalu pango la wanyang'anyi. Maneno hayo ni ya Yeremia 7, sura inayotangaza kwamba hekalu litaharibiwa kama Shilo, mahali pa ibada pa zamani, na katika Yeremia 26 makuhani walidai nabii huyo auawe. Makuhani waliomsikia Yesu waliyajua maandiko hayo vizuri. Marko 11:18 inasema tangu hapo walitafuta njia ya kumwangamiza.

Ongeza hofu ya Roma. Liwali, yaani mtawala wa Kirumi, ndiye aliyemweka na kumwondoa kuhani mkuu. Anasi aliondolewa mwaka 15 B.K., na ndani ya miaka michache liwali Gratus aliwabadilisha wengine hadi akamweka Kayafa, mkwewe Anasi, aliyedumu mpaka mwaka 36 hivi. Hata mavazi matakatifu ya kuhani mkuu yalifungiwa katika ngome ya Antonia chini ya ulinzi wa Warumi, yakitolewa kwa ajili ya sikukuu na kurudishwa. Pasaka ilijaza mji umati wa watu. Mwaka 4 K.K. ghasia za Pasaka zilimfanya Arkelao, mwana wa Herode Mkuu, atume askari, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa. Ukikumbuka hayo, utaelewa hesabu ya Kayafa katika Yohana 11:48-50: afadhali afe mmoja kuliko Warumi waangamize taifa. Hesabu hiyo ilikuwa dhambi, kwa kuwa ilimtoa mtu asiye na hatia, lakini haikutoka hewani.

Ndiyo maana mashtaka yalibadilika njiani. Mbele ya Baraza la viongozi wa Wayahudi ilikuwa kufuru (Marko 14:64). Kwa Pilato kufuru ya Kiyahudi haikuwa kosa la kumsulubisha mtu, kwa hiyo Luka 23:2 inaleta mashtaka mengine: anazuia watu wasimlipe Kaisari kodi, na anajiita mfalme.

Je, Wayahudi wote? Hapana, mpendwa, na mahubiri hayo yameleta madhara makubwa katika historia ya kanisa. Yesu mwenyewe, mama yake na mitume wote kumi na wawili ni Wayahudi. Mafarisayo fulani ndio waliomwonya kwamba Herode anataka kumwua (Luka 13:31). Nikodemo alidai asikilizwe kabla ya kuhukumiwa (Yohana 7:51). Yusufu wa Arimathaya, mjumbe wa Baraza, aliuomba mwili wake akauzika. Na baada ya ufufuo, Matendo 6:7 inasema kundi kubwa la makuhani waliitii imani, na 15:5 inawataja waamini waliokuwa bado wanahesabiwa Mafarisayo.