Daktari Akujibu: Mfupa wa Paja Uliovunjika Karibu na Goti

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja juu kidogo ya goti. Daktari ametaja bamba na msumari, vyuma vya kuunga mfupa kwa upasuaji, ilhali ndugu wanataka mguu uvutwe kwa uzito kitandani. Tushike lipi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kuvutwa kwa uzito humlaza mgonjwa chali kwa wiki nyingi, na kwa umri wa mama yako huko ndiko kunakoleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni na goti kukakamaa. Kwa hiyo naegemea upasuaji, iwapo moyo na sukari vinaruhusu. Ikiwa ufa haujaingia gotini, au umeingia kidogo tu, msumari mrefu hupitishwa kutokea gotini hadi ndani ya uwazi wa mfupa, kisha hukazwa kwa skrubu za kukatiza juu na chini. Mfupa ukiwa umepasuka vipande hadi kwenye gegedo, yaani tabaka laini linalofunika ncha ya mfupa gotini, uso wa goti hupangwa kwanza ukae sawa, ndipo bamba hulazwa ubavuni mwa paja. Vichwa vya skrubu zake hujifunga kwenye bamba lenyewe, hivyo hushika hata mfupa uliodhoofika kwa uzee. Fremu ya nje, yaani vyuma vinavyoushika mfupa kutoka nje ya ngozi, huwa ya muda, hasa jeraha likiwa wazi. Goti la bandia ni ghali, na huwafaa wachache.

Muulizeni daktari mama ataanza lini kukanyaga, maana jibu hutegemea uimara wa chuma na mfupa wenyewe. Kukunja goti, mara nyingi, huanza siku chache tu baada ya upasuaji, japo atalalamika.