Mrasiberi au mti wa rasiberi?

Msomaji wa Nkuhungu hapa Dodoma kaniuliza: "Mwalimu shikamoo, dada katuletea jamu ya rasiberi toka Uingereza, tumeipenda balaa, sasa mmea wake tuuite mti wa rasiberi au mrasiberi? Na tunda likiwa moja ni hii au hili?"

Marahaba. Ni mrasiberi, wingi mirasiberi. Tunda ni rasiberi hii, rasiberi hizi, linafuata zabibu. Neno tumelitoa kwa Waingereza kama zabibu tulivyoitoa kwa Waarabu, ambao kwao ni zile zilizokaushwa, ndo maana nikisikia "zabibu kavu" nacheka kimoyomoyo ila nanyamaza.

Jibu limeisha. Sasa kaa nikwambie linaloniuma.

Hii "mti wa" itaniua. Juzi nimepita kitalu kimoja njia ya Dar, kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu MICHE YA MITI YA MIZABIBU IPO, nikasimama kukitazama, kijana akajua mteja. "Karibu mzee, mti wa embe upo, mti wa limao upo, mti wa ndizi upo." Mti wa ndizi! Yaani mgomba, ambao wenyewe wala si mti, ni majani yamekumbatiana tu, ukipiga panga yanatoka maji, leo umepandishwa cheo. Nikamuuliza kwenu wapi, akasema Tukuyu. Na Tukuyu mnauitaje? "Mgomba, mzee." Hapohapo, bila kufikiri! Sasa hapa imekuwaje? "Wateja hawaelewi."

Wateja gani hao? Si ndo haohao wakifika Dar wanashuka Mnazi Mmoja, na sijawahi kusikia konda anaita "Mti Mmoja wa Nazi, shusha!" Mwembe Yanga nayo tuiiteje, Mti wa Embe Yanga? Hiyo m- pale mbele imeshafanya kazi ya mti, tena bure, nyie mnaajiri kibarua wa pili. Na wanaosema "mti wa mwembe" ndo wamenichosha kabisa, ni sawa na kusema mtu wa mkulima.

Afu m- haidai mti mkubwa wa kukaa kivulini. Mpunga una kivuli gani? Mnyanya je? Kwa hiyo mrasiberi haina shida, maana ule ni kichaka cha miiba, na kwa aina nyingi shina linaota mwaka huu, linazaa mwaka unaofuata, likishazaa linakufa. Ukiita mti unausingizia.

Kuna wanaosema basi rasiberi ni forosadi. Hapana jamani. Mforosadi ni mti haswa, majani yake wanalishwa viwavi wa hariri, na forosadi ukiichuma inakuja na kikonyo chake. Rasiberi ukiichuma moyo wake unabaki kwenye mmea, unaondoka na tunda lenye shimo, ukilivika kwenye ncha ya kidole linakaa kama subana ya fundi cherehani.

Ukisema "marasiberi" sikupigi, nimezeeka.

Ila huo mmea unapenda baridi, Lushoto huko labda, Nkuhungu na jua hili sikuahidi kitu. Ukinyauka niandikie "mrasiberi wangu umekufa", nitakupa pole. Ukiandika mti wa rasiberi sijibu.