Mke amekataa kunipa pesa za chama nimalizie Subaru

"Vipi Shangazi, natumai uko salama. Mimi ni kijana wa miaka 25 hapa Nakuru, nilimaliza chuo mwaka jana na Mungu akanifungulia nikapata kazi ya 68,000 kwa mwezi. Tangu niwe sekondari ndoto yangu ni Subaru WRX. Nimeipata yadi moja hapa mjini kwa 1.6 milioni, wanataka 600,000 kwanza halafu 38,000 kila mwezi kwa miaka minne. Niko na 350,000. Mke wangu ako na 250,000 kwa chama chao cha akina mama cha kuweka akiba na amekataa kabisa kunipa, tena akampigia mamangu simu huko Molo wakaniweka kikao. Nahisi ni wivu, anaogopa nitaonekana na wasichana. Benki niliachana nao juu ya masharti mengi. Kwao mke bado sijaenda rasmi sababu ya pesa, lakini tuna mtoto wa mwaka mmoja. Nifanyeje aelewe gari ni ya familia? Nimeshaacha 20,000 yadi wasiuzie mtu mwingine."

Pole kwa hayo mawazo, na hongera kwa kazi, maana kuna wale mlivaa joho pamoja na saa hizi bado wanazunguka mji na bahasha ya vyeti. Huruma yangu imeishia hapo.

Nimetafuta huo wivu wa mke kwa hii barua yako juu chini na sijauona. Nimeona vitu vingine ambavyo uliandika mbiombio ukidhani nitaruka. Ati kwao hujaenda sababu ya pesa. Na hapo juu umetuambia uko na 350,000! Hebu nieleze polepole, hiyo pesa iko na miguu gani inajua njia ya yadi peke yake lakini nyumbani kwa wazee wa huyo msichana haifiki? Umezaa na binti ya watu, unaishi naye, unamwita mke ukiwa na shida, wazazi wake hawajaona hata kilo ya sukari kutoka kwako, halafu unataka yeye ndiye akutolee 250,000 ununue gari ambalo jina lake halitaandikwa mahali popote. Na anayeitwa mbaya ni yeye.

Tuje kwa benki. Usiniambie masharti mengi, mimi si mtoto. Benki walipiga hesabu wakakukatalia, sema ukweli. Sheria ya ajira huku kwetu inasema makato yote ya mshahara yasipite theluthi mbili. Hiyo 68,000 ikitolewa kodi ya serikali, NSSF ya uzeeni, SHIF ya hospitali na ile tozo ya nyumba za serikali, unabaki na 50,000 na kitu kidogo. Toa 38,000 ya yadi. Unabaki na kama 12,000 mwezi mzima, na benki hawawezi kukuacha hapo, lakini yadi watakuacha tu maana logbook, ile hati ya umiliki, itakuwa na jina lao pamoja na lako, tracker itafungwa chini ya kiti, na ukichelewa miezi miwili wanajua gari lilipoegeshwa kuliko wewe. Ukimaliza hiyo miaka minne utakuwa umelipa karibu 2.4 milioni kwa gari la 1.6. Hapo sijagusa bima, na ukinunua kwa mkopo hawakubali ile ya bei rahisi, wanataka bima kubwa, weka 80,000 kwa mwaka na usishangae ikizidi, tena kijana mwenye leseni juzi akigonga kuna pesa anatoa yeye mwenyewe kabla kampuni haijaweka mkono. Na mafuta? Turbo hainywi kidogo, mjini likijitahidi sana ni kilomita nane au tisa kwa lita, na oili nzuri kila kilomita elfu tano, si ile ya kupimiwa kwa chupa.

Na HELB, ule mkopo wa serikali wa kusomea chuo, hukuitaja popote. Kama ulisomea hiyo pesa, wanakupa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukinyamaza wanakupiga faini ya 5,000 kila mwezi na jina linaenda CRB, kwa orodha ya wasiolipa mikopo. Pengine ulilipa yote, sijui, lakini mtu aliyelipa HELB yote huwa anajisifu hata kabla ya kusalimia.

Kwa hivyo nikuulize swali ambalo mke wako alishajiuliza ndiyo maana akashika simu: kodi ya nyumba italipwa na nani? Unga, maziwa ya mtoto, gesi, mtu wa kukaa na mtoto? Kazi ya mkeo umeificha, ama umeona haina maana kuitaja, lakini mwanamke hafikishi 250,000 kwa chama akiwa amelala. Ana kitu anafanya, na huo mpango wako ulikuwa umemhesabia kimya kimya kwamba miaka minne yeye ndiye atalisha nyumba na wewe utalisha Subaru. Aliuona. Wewe ndiye ulidhani hajauona. Na pesa ya chama si pesa ya kabati ati unafungua unatoa, kuna akina mama wengine hapo wanategemeana na kudhaminiana, akiitoa kwa ujinga wako ni yeye atakayeketi na hao wenzake kila wiki wakimtazama.

Halafu "gari ya familia", hapo nilicheka jirani akauliza kuna nini. Mama ako Molo. Wewe umekulia huko, unajua barabara za ndani mvua ikishika zinakuwaje, hiyo WRX na tumbo lake lile la chini utaiacha lami na umalize safari na viatu mkononi, na mamako akiugua atapelekwa hospitali na Probox ya jirani kama siku zote. Sema tu unataka lile lenye mlio, nitakuheshimu zaidi. Tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021 ikawekwa hapo Naivasha, kila kijana wa Nakuru mwenye leseni anajiona yuko kwa timu. Kutamani si dhambi. Ni gari tamu, hata mimi likipita nageuka. Lakini wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii yako si ya kuazima tu, ni ya kuazima na uniform ya mtoto iko njiani.

Ndoa za siku hizi zimenichosha mimi. Mwanamume anataka mke awe sacco ya kumkopesha, awe mpishi, awe mlezi, awe wa kupiga makofi kwa WhatsApp akiweka picha ya funguo, lakini siku ya kuamua mambo ya pesa anaambiwa anyamaze, na akiongea ana wivu, na akiomba msaada kwa mama mkwe amekosa adabu. Zamani mtu alikuwa anaitiwa wazee wa pande mbili, sasa hakuna wazee wa upande wa msichana kwa sababu hamkuwahi kwenda, sasa angepigia nani? Ako na mamako peke yake. Na mamako amemsikiliza, amesimama na mkwe dhidi ya mtoto wake wa kuzaa, wewe hukujiuliza kwa nini? Akina mama hawafanyi hivyo bure. Alikusomesha, anajua kilichouzwa ndiyo ufike hapo. Huyo msichana mshike, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu wasichana, mimi sikuongelea wasichana, ni wewe uliwaleta. Jiulize kwa nini.

Sasa fanya hivi. Mwambie mkeo chama hutagusa, na useme mamako akiwa anasikia. Chukua sehemu ya hiyo 350,000 uende kwao na wazee wako kabla ya Krismasi, si lazima iwe sherehe, nenda ujulikane. Inayobaki peleka sacco uanze kuweka kila mwezi, nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba na riba yake si kama ya yadi. Baada ya miaka miwili mitatu, HELB ikiwa imenyooka, nunua Demio au Fielder pesa taslimu, jina liwe lenu wawili. Subaru itakungoja, zinaletwa kila mwezi Mombasa.

Na ile 20,000 rudi yadi kesho na risiti uulize kama inarudishwa. Wakikataa usipige kelele hapo nje, iache, na usimfiche mkeo kwamba imeenda.