Kubadili umbo la kichwa cha gitaa la umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalo gitaa la umeme la bei nafuu ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu, na funguo zote sita za kukazia nyuzi ziko upande mmoja wa kichwa. Kichwa chenyewe ni kipana na hakinipendezi. Natamani kukipunguza na kukichonga ncha kali. Je, sauti itaharibika? Na nikijuta, naweza kuongeza mbao palipopungua?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi hiyo inawezekana, na gitaa la aina yako ndilo linaloivumilia vizuri zaidi, kwa kuwa kichwa chake kwa kawaida huwa hakikuinamishwa nyuma, na mishipa ya mbao hupita moja kwa moja kutoka shingoni. Vichwa vilivyoinama, kama vya magitaa ya kampuni ya Gibson ambavyo mara nyingi huinama kwa digrii 17, vina shauri lake: mishipa ya mbao hukatizwa penye mwinamo, na hapo ndipo vinapovunjika gitaa likianguka, hivyo eneo hilo halifai kuguswa hata kidogo.

Umbo unaloweza kulipata limekwisha kuamuliwa, kwa sehemu kubwa, na matundu ya funguo, ambayo hayana budi kubaki yalipo ili nyuzi ziendelee kupita katika njia yake. Wengi hupima kuanzia ukingo wa tundu, ambalo kwa funguo za kisasa huwa na kipenyo cha milimita 10 hivi, wakasahau kwamba kisanduku cha gia kilichoko nyuma ni kipana zaidi na kimeshikwa na skrubu ndogo. Kwa hiyo, kabla hujazing'oa funguo, ligeuze gitaa na uchore mstari wa penseli kukizunguka kila kisanduku, kisha uhakikishe kwamba mstari wa kukatia unapita nje ya alama hizo kwa milimita kadhaa. Skrubu ikiachwa ukingoni kabisa, mbao hupasuka siku utakapoikaza.

Chora umbo jipya kwenye karatasi ngumu, ulikate, ulilaze juu ya kichwa na ulitazame kwa siku kadhaa, maana ncha inayovutia kwenye karatasi huweza kuonekana kama mdomo wa ndege ikikaa mwishoni mwa shingo. Ukiridhika, ondoa nyuzi na funguo, utenganishe shingo na mwili, ubandike tepu juu ya mstari wa kukatia ili rangi isibanduke vipande vipande, kisha ukate kwa msumeno mwembamba ukiacha milimita moja au mbili za kumalizia kwa tupa na msasa. Mashine ya ruta, yaani ile ya kuchongea mbao kwa jino linalozunguka kwa kasi, ni ya haraka, lakini kwenye mkunjo ambako mishipa ya mbao imekatwa kichwakichwa, jino lake huweza kunasa na kung'oa kipande kizima, nami sipendekezi mtu ajifunzie hapo. Vaa barakoa unapopiga msasa, na upake vanishi mahali palipobaki wazi ili unyevu usiingie. Ikiwa nati ya fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo inakazwa kupitia upande wa kichwa, acha mbao ya kutosha kuizunguka.

Kuhusu sauti, usitarajie mabadiliko makubwa. Baada ya CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kuinunua kampuni ya magitaa ya Fender mwaka 1965, kichwa cha gitaa lake la Stratocaster kilipanuliwa, na magitaa ya kabla na baada ya hapo yote yameendelea kupigwa na kusifiwa.

Kuongeza mbao ni kugumu zaidi kuliko kukata. Kipande cha nyongeza kinapaswa kuwa cha mbao ileile, mishipa yake ielekee upande mmoja na ya kichwa, na kingo zinazokutana zinyooshwe hadi mwanga usipenye katikati, ndipo zipakwe gundi ya mbao na kubanwa hadi zikauke. Hata hivyo, upande wa vishikio vya funguo hauongezeki sana, kwa kuwa mihimili yake ni mifupi na vishikio vitakwaruza mbao. Ikiwa umbo unalolitaka ni tofauti kabisa, nunua shingo ya akiba ambayo kichwa chake hakijakatwa wala kutobolewa. Ilimradi urefu wake na mahali pa kufungia vilingane na vya gitaa lako, utapanga matundu utakavyo, na shingo ya zamani itabaki nzima.