Kwa nini ardhi hupasuka juu ya mgodi wa makaa ya mawe?

Makaa yanachimbwa mita 300 chini. Ufa unafikaje huku juu?

Mara nyingi ufa unaouona juu haujaungana na mgodi hata kidogo. Katika uchimbaji wa kisasa, mashine hukata makaa kwenye ukuta wenye upana wa mita 200, 300 au zaidi, huku safu ya jeki za haidroliki ikishikilia dari. Mashine ikisonga, jeki nazo husogezwa, na dari ya nyuma huachwa ianguke. Kwa makusudi kabisa. Mawe hayo hujaza pengo ovyo ovyo. Miamba inayofuata juu yake hupasuka lakini haianguki, na ya juu zaidi hupinda tu na kushuka kwa pamoja, mpaka uso wa ardhi wenyewe unabonyea. Tabaka la makaa lenye unene wa mita 3 laweza kushusha ardhi kwa mita 1.5 hadi 2, endapo eneo lililochimbwa ni pana kuliko kina chake.

Mbona nyumba iliyo katikati ya eneo lililotitia imesalimika, ya pembeni ndiyo imepasuka?

Kushuka peke yake hakuvunji nyumba. Sehemu za Ruhr, Ujerumani, zimeshuka zaidi ya mita 20 kwa sababu ya makaa, na watu wanaishi juu yake. (Pampu za maji ndizo hazipumziki, mgodi wa mwisho wa huko ulifungwa 2018, lakini pampu zikizimwa leo, mitaa mingi itageuka ziwa.) Balaa ni pale upande mmoja unaposhuka na mwingine ukabaki. Kunja tawi bichi uone: gome la nje linachanika, la ndani linajikunyata. Kwenye kingo za eneo lililotitia ardhi huvutwa, na hapo ndipo nyufa zinapojipanga, karibu sambamba na mpaka wa machimbo. Katikati hubanwa, na huko utaona lami imetuna au bomba limepinda.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau wanaposoma ramani ya mgodi: athari huvuka mpaka. Kwa kina cha mita 300, ardhi iliyo mita 100 hadi 200 nje ya eneo lililochimbwa inaweza kuguswa.

Ufa shambani ulifunguka, baadaye ukajifunga wenyewe. Tuuamini?

Inategemea uko wapi. Ukuta wa makaa unaposonga, sehemu ya juu inayovutwa nayo husonga, kisha mbano hufuata nyuma yake. Ufa wa katikati hufunguka na kujifunga kadiri mashine inavyopita chini. Ule wa kwenye mpaka wa mwisho hausubiri mbano wowote; huo utabaki wazi.

Usikimbilie kupiga plasta wakati ardhi bado inatembea, utapoteza saruji bure. Chora alama mbili kwa penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kwa rula kila wiki, uandike tarehe pale pale ukutani. Vipimo vikitulia kwa miezi kadhaa, mwite fundi.

Mgodi wetu ulifungwa miongo mingi iliyopita. Hatari imekwisha?

Kama dari iliangushwa wakati wa kuchimba, sehemu kubwa ya kutitia huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili. Migodi ninayoiogopa mimi ni ile ya zamani, iliyoachiwa nguzo za makaa zishikilie dari. Nguzo humomonyoka na maji hulainisha sakafu yake. Mgodi ukiwa karibu na uso, shimo hutokea ghafla bila ufa wowote wa kuonya, hata baada ya miaka mia.

Kisima kimekauka. Ni nyufa hizo hizo?

Huenda. Mwamba uliopasuka hupata nafasi mpya na maji huzijaza kwanza. Kina cha maji kinaweza kurudi, isipokuwa maji yamepata njia ya kuingia mgodini.

Na ufa unaotoa moshi?

Ondokeni hapo. Hewa ikipenya kwenye makaa, yanaweza kupata joto hadi yawake yenyewe. Centralia, Marekani, moto wa chini ya ardhi unawaka tangu 1962, na mwaka 1981 mtoto wa miaka 12 alitumbukia kwenye shimo lililofunguka ghafla chini ya miguu yake, aliokolewa. Msichungulie, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu. Msimwage maji pia: kwenye makaa ya moto huzaa mvuke na gesi zinazolipuka. Zungushieni uzio mbali na ukingo, kisha waiteni wakaguzi wa migodi.